Siku Mama Jayesh Alipoulizwa Ukoo Wake

Mwezi wa sita mwaka huu nilishona midomo mia tatu na masikio mia tatu. Nikisema hivyo watu wa hapa Ngarenaro, mjini Arusha, hunitazama kama nimeanza kuchanganyikiwa, lakini ndivyo oda ilivyokuja. Aliyeileta ni Mwalimu Elimringi, mwalimu mstaafu kutoka Poli, kule juu kwa Wameru. Alinunua kitambaa chekundu na cha kijani dukani kwa Mama Jayesh, kisha akanifuata barazani kwenye cherehani yangu. Alitaka beji za kitambaa za kubana kifuani kwa pini. Nyekundu zikatwe umbo la mdomo, za kijani umbo la sikio.

"Mwalimu, hii ni kampeni ya meno?" nikamuuliza.

Alicheka, akavuta kigoda akakaa. Akanieleza kwamba zamani alipelekwa kusoma Hispania, akaishi miaka miwili kati ya watu wanaoitwa Wabaski. Wana lugha yao ya kale, haina undugu na lugha ya jirani yeyote, na wanaipenda kama mboni ya jicho. Siku moja walimpeleka kwenye sherehe ya hiyo lugha. Haikufanyika ukumbini, ilikuwa nje kwenye nyasi, na vyungu vya chakula, na ngoma zao, na mabibi wamekaa na wajukuu. Siku hizi, anasema, huko wana utaratibu wa beji. Mwenye beji ya mdomo husemeshwa kwa lugha yao tu, na yeye hujibu kwa hiyo hiyo. Mwenye beji ya sikio anaelewa ila kusema kunamshinda, basi naye asemeshwe hivyo hivyo, asionewe haya.

"Nikajiuliza, sisi Wameru tunashindwa nini?" akasema Mwalimu. "Wajukuu zangu nikiwaamkia Kimeru wananijibu 'poa babu'. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba tutakuwa uwanja wa shule pale Poli. Koo zote zimealikwa."

Hapo ndipo Mama Jayesh, aliyekuwa anakunja vitambaa nyuma ya kaunta, alipomuuliza jambo kwa Kimeru.

Mwalimu aliganda. Ninyi mnaosoma hamumjui Mama Jayesh, ngoja niwaambie alichokiona Mwalimu. Aliona bibi wa Kihindi wa miaka sabini, mfupi, sari ya pamba, miwani imefungwa kamba, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja. Jina lake Madhu, ila mtaani sote tunamwita kwa jina la mwanawe. Mimi barazani kwake nimekaa miaka ishirini na miwili, na nilishazoea kumsikia akipiga soga na kina mama wa Kimeru wanaokuja kununua vitambaa. Mimi ni Mchaga wa Machame, na Kimeru na Kimachame ni ndugu wa karibu, kwa hiyo maneno mengi yananiingia. Ila siku hiyo nilijiona mjinga. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza alikitoa wapi.

"Mama, wewe huna ruhusa ya kukosa," Mwalimu akamwambia, akiinuka kutoka kwenye kigoda. "Wewe ni mdomo. Mdomo mkubwa kabisa!"

 Mama Jayesh alirudi kwenye vitambaa vyake, akakunja kimoja mara nne, akakikunjua, akakikunja tena.

Mwalimu alipoondoka, nikasimamisha cherehani. Mimi nina mdomo, silifichi hilo, na jambo likinikaa kooni sili. "Haya Mama Jayesh, sema," nikamwambia.

Akasema. Alizaliwa Poli, kwenye duka la baba yake: chumvi, mafuta ya taa, khanga, na msimu ukifika wananunua kahawa. Mama yake alipojifungua aliugua vibaya, maziwa yakakauka. Jirani yao, Anyesi, mke wa mtu wa ukoo wa Akyoo, alikuwa na kichanga chake cha wiki tatu, binti, jina Anande. Anyesi alikuja kuona mgonjwa, akamkuta mtoto wa Kihindi analia njaa. Alimchukua kifuani bila kuuliza mtu. Akamnyonyesha miezi tisa, titi moja la Anande, moja la Madhu. Hata baada ya mama yake kupona, mtoto alishinda kwa Anyesi, akala kwake, akachapwa kwake, akajua Kimeru kabla ya Kigujarati.

"Kwetu jambo hilo halikutajwa," akasema. "Baba alikataza. Aliogopa nisije nikakosa mchumba."

Alipofika miaka kumi na mitatu, mwaka sitini na nane, baba yake alihamisha duka kuja mjini. Lori lilipakiwa siku ya soko, Anyesi na Anande wapo sokoni Tengeru wanauza ndizi. Madhu aliomba wasubiriwe. Baba yake akasema watarudi Jumapili kuaga, akaacha ujumbe huo kwa majirani.

"Jumapili ipi?" nikauliza.

"Hiyo Jumapili haijafika mpaka leo."

Nilipandwa na hasira, siwafichi. "Mama Jayesh! Poli ni nusu saa kwa gari! Watu wanakwenda Dubai wanarudi na mizigo, wewe umeshindwa kupanda hapo tu?"

"Najua," akasema. "Mwanzo ilikuwa baba. Kisha shule, kisha ndoa, kisha watoto. Baada ya miaka kumi aibu ikawa kubwa kuliko hamu. Kila mwaka ikawa nitaanzia wapi."

 Sote tulijua kwamba mwezi wa nane Jayesh anakuja kumchukua kwenda kuishi naye Uingereza, na duka limeshapata mnunuzi. Miguu yake mibovu, na mwanawe hataki tena akae peke yake. Huko aendako Kimeru atasema na nani?

"Nataka niende kwenye hiyo sherehe," akasema. "Nataka nilitaje jina lake mbele ya watu wa kwao, kwa lugha yake, kabla sijaondoka. Na waniambie kama mimi ni mtoto wake au si mtoto wake. Wakisema si mtoto wake, basi nijue moja."

"Nitakupeleka," nikasema. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyotaka, maana machozi yalikuwa karibu.

Jumamosi hiyo kulikuwa na baridi ya mwezi wa saba ile ya kuingia kwenye mifupa, na wingu limeufunika mlima Meru wote. Mama Jayesh alivaa sari ya rangi ya maziwa na sweta la kijivu juu yake.  Tulipovuka mto na kuanza kupanda kwenye migomba, alishusha kioo cha teksi akawa ananusa hewa, nami nikamwacha.

Uwanja ulijaa. Kila ukoo ulikuwa na mabenchi yake na kibao kimechomekwa mbele: Kaaya, Nasari, Pallangyo, Mbise, Akyoo, na wengine. Getini kulikuwa na meza, na binti mmoja aitwaye Hope anaandika watu kwenye daftari kubwa. Alimbana Mama Jayesh mdomo mwekundu kifuani, mimi akanibana sikio. Nikaona mishono yangu imekaa vizuri, nikafurahi kidogo.

"Jina?" Hope akauliza.

"Madhu."

"Ukoo?"

Mama Jayesh akalitazama daftari. Watu nyuma yetu wanasukumana. Nikamwona anaanza kugeuka, anataka kurudi kwenye teksi, na mimi nikafanya kosa langu.

"Akyoo," nikasema. "Andika Akyoo."

Hope aliitazama sari, akanitazama mimi, akaandika. Mimi ni Mchaga, nilipaswa kujua. Kwetu sisi, na kwa Wameru ni vivyo hivyo, ukoo si koti la kuazimana. Mtu huingizwa na wazee, kwa neno lao na kwa chakula, haandikwi getini na fundi cherehani mwenye haraka. Lakini nilishasema, na wino ulishakauka.

"Mara ya mwisho kufika nyumbani ni lini?" Hope akaendelea.

"Elfu moja mia tisa sitini na nane," akajibu Mama Jayesh. Hilo alilisema mwenyewe, na lilikuwa kweli.

Tulikaa pembeni mwa benchi la Akyoo. Watu walitusogezea nafasi, wakatusalimia, wakatuletea loshoro kwenye vikombe, ule uji mzito wa mahindi na maziwa mgando. Hakuna aliyeuliza kitu, ila macho yalikuwa yanakuja na kuondoka. Mama Jayesh alikunywa loshoro yake yote akafuta kikombe kwa kidole.

Ngoma zikachezwa. Watoto wakategeana vitendawili, wakikosea bibi zao wanawazomea. Kisha Mwalimu Elimringi akashika kipaza sauti akatangaza jambo ambalo sikulijua. Kila ukoo utamtoa mtu wake aliyepotea siku nyingi kuliko wote, asimame asalimie watu kwa Kimeru. Majina yametolewa kwenye daftari la getini.

 Nikamshika mkono Mama Jayesh. "Tuondoke," nikamnong'oneza. Hakuinuka.

Nasari walimtoa mzee aliyekaa Mwanza miaka kumi na tisa. Kimeru kilimkwama katikati, uwanja mzima ukamsaidia kumalizia salamu, akacheka mpaka akalia. Baada yake akasimama Mzee Abdiel, mkubwa wa Akyoo, mrefu, kofia ya sufu, akapokea karatasi kutoka kwa Hope. Akavaa miwani. Akasoma, akaisogeza karatasi mbali, akaisoma tena.

"Madhu," akasema. "Akyoo. Sitini na nane."

Vicheko viliruka hapa na pale. Mzee Abdiel hakucheka. Alikuja hadi mwisho wa benchi letu, akamtazama Mama Jayesh, akamuuliza kwa Kimeru swali ambalo kila mzee wa pande zetu humuuliza mtu asiyemfahamu: wewe ni wa nani?

Nilitaka kusimama niseme kosa ni langu.  Lakini Mama Jayesh alishasimama na kushika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Ninaweka hapa kwa Kiswahili nilivyomwelewa. Alisema, "Sina ukoo. Aliyeniandika Akyoo alinihurumia, msimlaumu. Mimi ni mtoto wa yule Mhindi wa duka la kahawa. Mama yangu aliponizaa hakuwa na maziwa. Alinichukua Anyesi, mke wa Akyoo, nyumba iliyo chini ya chemchemi. Nilinyonya pamoja na binti yake Anande miezi tisa. Lugha hii ninayosema ni yake. Tulihama hatukumuaga. Niliambiwa tutarudi na sikurudi, na tangu niwe mtu mzima hakuna aliyenizuia, nilijizuia mwenyewe. Nimekuja kulitaja jina lake. Mnaoweza kuniambia mimi ni wa nani, niambieni."

 Vigelegele vikaanzia mabenchi ya Mbise vikazunguka uwanja wote, watu wakasimama, mzee wa Mwanza anapiga fimbo chini. Mimi nalia kama nimefiwa. Nikadhani tumemaliza.

Mzee Abdiel akainua mkono. "Anyesi alikuwa mke wa baba yangu mdogo," akasema. "Habari za mtoto wa Mhindi nilizisikia nikiwa kijana. Lakini hilo swali si langu kujibu. Yupo mwenye kulijibu." Akageuka kutazama benchi la mbele. Palikuwa na nafasi wazi, na khanga iliyoachwa juu ya benchi. "Anande alikuwa hapa," akasema. "Ameondoka."

Vigelegele vikafa. Mama Jayesh akarudisha kipaza sauti akakaa. 

Mimi siwezi kukaa na jambo la namna hiyo. Nilimwacha na Hope nikaenda kumtafuta Anande. Nilimkuta nyuma ya madarasa, kwenye moto, kati ya wanawake wanaopika. Mwanamke mwembamba, mrefu, ana kisu, anamenya ndizi kwa kasi ya kutisha.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemleta?"

"Ndiye mimi."

"Amesema vizuri," akasema, bila kuinua macho. "Kimeru chake kinashinda cha wanangu. Watu wamempigia vigelegele. Lakini hivyo vigelegele havikumuuguza mama yangu. Ngarenaro na hapa ni nusu saa. Miaka hamsini na saba, dada yangu! Mama amezeeka, ameugua, amezikwa, yeye yupo hapo mjini anapima vitambaa. Leo anaondoka nchini ndipo anakuja na kipaza sauti?"

Sikujua nani alimwambia habari ya kuondoka, ila Arusha ni mji mdogo kuliko unavyoonekana. Nikamtetea, nikaeleza baba, na ndoa, na aibu. Akachukua ndizi nyingine. "Aibu," akasema. "Na mimi nilikuwa na aibu ya kumwona mama yangu akiisubiri Jumapili."

Nilirudi nikamwambia Mama Jayesh kila neno, maana kumficha kungekuwa kumdharau.

"Basi amejibu," akasema. "Turudi nyumbani."

"Hajajibu. Amekasirika. Hivyo ni vitu viwili."

Nilisema hivyo bila kujua nitafanya nini. Kisha nikaona mpaka wa shule na shamba la kahawa, na kwenye mpaka, kama ilivyo mipaka yote ya kwetu, imepandwa isale. Wasioijua, ni mmea wa majani marefu ya kijani. Ukimkosea mtu wa Uchagani au wa Meru, kosa lile la kushindwa hata kumtazama usoni, unampelekea jani la isale lililofungwa fundo. Hulipeleki mwenyewe. Anakwenda mtu wa kukusemea, na wewe unakaa nyuma yake kimya. Nikavunja jani moja, nikalifunga fundo, nikamwambia Mama Jayesh anifuate, hatua mbili nyuma, asitie neno.

"Wewe ndiye utasema?" akauliza. "Kwa lugha gani?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Isale haisemewi kwa Kiswahili. Kimeru mimi ni sikio tu, na Kimachame changu sikukisema mbele za watu tangu nilipomzika mama yangu. Wanangu sikuwafundisha. Mwanangu Brayson alipokuwa mdogo nilimwambia hicho ni cha shambani, hakitamsaidia shule. Ninalisema hapa kwa sababu nilishasema ya Mama Jayesh, si vizuri kuyaficha yangu.

Wanawake waliponiona na lile jani waliacha kila kitu. Nilisimama mbele ya Anande, nikalishika isale kwa mikono miwili, nikasema kwa Kimachame. Mmoja akacheka, "Mmachame katokea wapi tena?" wakamnyamazisha. Maneno yalitoka yamepinda, mengine nilikuwa nayaokota njiani. Nilisema, "Nimeleta isale. Aliyekosa yuko nyuma yangu. Hakuaga. Hakuja kuuguza. Hakuja kuzika. Hana la kujitetea na mimi sina la kumtetea. Anaomba."

Anande aliacha kisu. Nikaanza kuhesabu ndizi kwenye beseni.

"Mnanifunga mikono," akasema mwisho. "Mnajua isale haikataliwi."

"Ndiyo maana tumeileta," nikasema, na safari hii nilisema kwa Kiswahili.

Alifuta mikono kwenye khanga, akalipokea jani. Wanawake wakashusha pumzi. Lakini uso wake haukulegea. Alinipita akaenda kusimama mbele ya Mama Jayesh, na walipokaribiana hivyo nikaona wote wawili wana kijitabia kimoja cha kuinamisha kichwa upande wa kushoto.

"Nimepokea," Anande akasema. "Sasa na mimi nina neno. Mama alikuja dukani kwako."

Mama Jayesh akakunja uso, kama ambaye hakusikia.

"Alikuja mara tatu. Mara mbili alisimama ng'ambo ya barabara akarudi. Mara ya tatu, mwaka elfu mbili na tisa, aliingia. Ulimpimia kitambaa cha zambarau. Mkasemezana Kimeru, ukamuuliza mvua zimenyesha vipi huko juu, mkacheka. Akampa kitambaa fundi mmoja pale nje amshonee gauni. Likambana makwapani mpaka likapasuka siku ya Pasaka."

Wanawake wote wakanigeukia.  Nilijaribu kuukumbuka uso wa mteja wa zambarau kati ya wateja wote wa miaka ile, na sikuupata. Nilimpima mabega, nilimgusa, na sikuupata.

"Mbona hakuniambia?" Mama Jayesh akauliza. Sauti ilikuwa ya kitoto kabisa. "Anande, mbona hakuniambia ni yeye?"

"Na mimi nilimuuliza hivyo hivyo, tena kwa ukali. Nikamwambia kesho nakwenda kumwambia yule mama ukweli wake." Anande alilizungusha isale mkononi. "Akanikataza. Akasema, mwache. Nilimsikia, bado ana lugha yangu, hajanitupa. Siku akinijua, ataniita mwenyewe. Miaka miwili baadaye akafariki."

Mama Jayesh alikaa chini. Alikaa pale pale penye maganda ya ndizi, na sari yake ya rangi ya maziwa, na miguu yake mibovu, akafunika uso. Hakulia kwa sauti. Nilitaka kumwinua, mwanamke mmoja akanizuia kwa jicho.

Anande alibaki amesimama juu yake. Nilimwona anapigana na nafsi yake, na kusema kweli sikujua nani atashinda. Halafu akakunja khanga yake magotini, naye akashuka taratibu, mkono mmoja kiunoni kwa maumivu, wakawa wamekaa chini wote, mabibi wawili wa miaka sabini. Alimtoa Mama Jayesh ganda la ndizi lililonata kwenye sweta.

"Wewe ulikuwa unang'ata," akamwambia. "Mama alisema mimi sikuwa nang'ata, wewe ndiye uliyekuwa unang'ata."

Mama Jayesh akacheka na machozi yakamtoka pamoja na kicheko. Wanawake wakarudi kwenye sufuria zao, wanajipangusa macho wakisingizia moshi.

"Inuka," Anande akasema. "Twende."

Hakusema wapi, na hatukuuliza. Tulishuka njia ya migomba, mimi nimemshika Mama Jayesh mkono huu, Anande mkono ule. Tulipita chemchemi. Nyumba iliyokuwa chini yake imebomolewa, imejengwa ya matofali, na nyuma yake, kati ya migomba na mibuni, kuna kaburi la vigae vyeupe na msalaba, limefagiliwa vizuri. Jina limeandikwa: Anyesi. Uwanjani ngoma zilikuwa zimeanza tena, tulizisikia kwa mbali.

Mama Jayesh alivua viatu. Alisimama pale miguu peku kwenye udongo wa baridi, mikono haijui ikae wapi. Kwao huchoma maiti, makaburi hakuyazoea. Akatazama jina muda mrefu. Kisha akaita. Hakutaja jina, aliita neno lile ambalo watoto wa huku huwaitia mama zao, neno ambalo hata mimi sikuhitaji kuelezwa.

Aliita kwa sauti ndogo, karibu ya kunong'ona.

"Kwa nguvu," Anande akamwambia. "Siku za mwisho alikuwa hasikii vizuri."

Mama Jayesh akavuta pumzi, akaita tena, safari hii kwa nguvu zake zote, kama mtoto anayefika nyumbani na kukuta mlango umefungwa. Sauti ilikwenda hadi kwenye mibuni. Nikaogopa kile kimya kitakachofuata, nikaangalia chini.

Anande akaitika badala ya mama yao.